Nilimzidi Umri, Akanizidi Barabara

Nilianza kazi ya lori nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, mke na watoto. Mwaka huo mto ulikuwa umevunja kingo tena pale Ahero, na mpunga wetu, uliokuwa umeanza kutoa masuke, ukalala chini ya maji hadi ukaoza. Harufu yake iliingia mpaka kwenye nguo. Baba yangu alikuwa amepanda upya baada ya kila mafuriko maisha yake yote. Mimi sikuwa na moyo huo. Binamu yangu mmoja alikuwa akipakia magunia kwenye yadi ya malori mjini Kisumu. Akaniambia kuna dereva anatafuta taniboi, kwa kuwa wake ameacha kazi na kurudi kwao. Nikaenda.

Taniboi ni msaidizi wa dereva. Ndiye anayefunga turubai, anayelala juu ya mzigo, anayeruka chini kuweka gogo nyuma ya gurudumu lori linaposimama mlimani. Kwa kawaida ni kijana asiye na mke. Dereva niliyemkuta pale yadi alikuwa mtu mwembamba, ameketi kwenye ngazi ya kabini akinywa chai. Alinitazama, kisha akachungulia nyuma yangu kama anayemtafuta mtu mwingine.

"Taniboi yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Wewe?" Akaweka kikombe chini. "Jaduong', wewe ni baba ya watu. Mimi nitakutuma maji namna gani?"

Jaduong' kwetu ni mzee. Kwa kweli nilikuwa nimemzidi miaka michache tu, lakini yeye alikuwa na uso wa kitoto, mimi nikawa na uso wa mtu aliyezama na mpunga wake. Nilimjibu kwamba nikitumwa maji nitaleta maji. Akacheka, akanisogezea chai iliyobaki. Tangu siku hiyo akaniita Jaduong', na mimi nikamwita Mwalimu, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa dhati.

Siku hizo hakuna mtu niliyemjua aliyejifunza lori darasani. Shule za udereva zilikuwepo mjini, lakini zilifundisha magari madogo ya watu wa ofisi. Lori ulifundishwa na dereva, kwa muda alioutaka yeye, na kwa muda mrefu hukufundishwa kitu. Ulitazama. Nilijifunza kugonga magurudumu kwa chuma kila tuliposimama na kusikiliza: lenye upepo wa kutosha hujibu kwa sauti kali, lililopungukiwa hunyamaza kama debe la mchanga. Nilijifunza kufunga kamba ya turubai isilegee kwa mvua wala kukazana mpaka ikatwe kwa kisu. Nilijifunza kusonga ugali juu ya stovu, gurudumu likinikinga upepo, na kula haraka.

Baadaye akaniruhusu kuwasha injini asubuhi na kuisikiliza ikipata joto. Halafu kusogeza lori ndani ya yadi, mbele tu. Halafu kurudi nyuma na trela, na hapo ndipo wengi walipokata tamaa na kwenda kutafuta kazi nyingine, kwa maana ukitaka mkia wa trela uende kushoto lazima uzungushe usukani kulia, na kichwa cha mtu kinakataa. Mimi kilinikataa msimu mzima wa mvua. Wapakiaji walikuwa wakiacha kazi waje kunitazama, mzee mwenye ndevu anayepigana na trela, na Mwalimu aliwafukuza kwa kuwatupia mawe madogo.

Pamoja na hayo kulikuwa na adabu. Ukiona matawi yamewekwa barabarani, punguza mwendo, mwenzako amekwama mbele. Ukimkuta, simama. Muulize ana maji, ana chakula, ana spana. Mwalimu hakupita lori lililokwama hata mara moja nikiwa naye. Karibu na Awasi tuliwahi kukaa mchana mzima na dereva wa kutoka Pwani ambaye hatukumjua, ekseli yake imevunjika, mpaka fundi akafika. Tuliporudi yadi tukiwa tumechelewa, tajiri, ndivyo tulivyomwita mwenye malori, alimkaripia mbele ya watu wote. Mwalimu alivua kofia, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Ndiyo, Mzee." Safari iliyofuata akasimama tena. Na yule tajiri, mzee aliyewahi kuendesha lori mwenyewe ujanani, nadhani alijua atasimama.

Adabu kubwa kuliko zote ilikuwa ya msiba. Dereva akifa, lori lake ndilo lililompeleka nyumbani. Wenzake walilifunga matawi mbele, wakawasha taa mchana, na kila lori lililokutana na msafara huo lilikaa kando ya barabara, dereva akazima injini, akashuka, akasimama chini kofia mkononi mpaka wote wapite. Niliona hivyo mara mbili katika miaka yangu ya kwanza. Sikudhani ni jambo linaloweza kuisha.

Siku niliyogeuka kuwa dereva, kwa maoni yangu, haikuwa siku ya leseni. Tulikuwa tukishuka kutoka Kericho tumebeba simenti na mabati, mvua ya mchana ikinyesha, na Mwalimu alikuwa amenipa usukani tangu kwenye mashamba ya chai. Nilikuwa nimeshaendesha tambarare ya Ahero mara nyingi, lakini mteremko ule na mzigo ule, hapana. Niliogopa, na kwa kuogopa nikawa nakanyaga breki kila mara. Nikasikia harufu ya kuungua. Kisha breki ikazama chini ya mguu wangu kama nimekanyaga matope.

"Mwalimu, breki imeenda."

"Usikanyage tena. Iache ipoe."

"Inaongeza kasi!"

"Nasikia. Rudisha gia."

Nilijaribu. Gia ikasaga meno na kukataa. Lori likawa huru, bila gia na bila breki, na mbele yangu niliona kona na watu waliokuwa wamejikinga mvua chini ya kibanda cha majani chai. Nilimwangalia Mwalimu nikitarajia atarukia usukani. Alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Paza injini kwanza," akasema taratibu, kama mtu anayeomba chumvi. "Ipaze mpaka ilie. Sasa klachi. Sasa."

Gia ikaingia. Lori likanguruma na kutetemeka, likavutwa nyuma kama ng'ombe aliyeshikwa mkia, na tukaipita ile kona tukiwa upande usio wetu. Hakukuwa na gari lililokuja. Nililiingiza kwenye nyasi likasimama. Nilishuka nikaweka gogo mbele ya gurudumu, kisha jingine, kisha jiwe. Nilipomaliza, nilimkuta amewasha stovu chini ya trela, maji ya chai yameanza kuimba.

"Mbona hukushika usukani?" nikamuuliza kwa hasira.

"Ningeshikaje, na wewe umeukalia?" Akanipa kikombe. Nilipoonja nikakuta ni maji ya moto matupu, amesahau majani. Baada ya muda akasema, "Ningekunyang'anya, Jaduong', usingeshuka huu mlima tena maisha yako."

Nilipata leseni, na tajiri akanipa lori kuukuu. Niliihamisha familia yangu kutoka Ahero, tukapanga nyumba Migosi, vyumba viwili na bomba la maji uani. Nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa miaka yetu mizuri. Mke wa Mwalimu aliishi kwao Kombewa akilima, na alipokuja mjini alifikia kwangu, akiwa na karanga na viazi vitamu kwenye kiondo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache, anayecheka kwa mabega. Mke wangu alimpenda kama dada. Sisi wanaume tulikuwa tunapishana: mimi nikienda, Mwalimu akirudi, na tukikutana barabarani tulisimamisha malori mawili katikati ya njia, dirisha kwa dirisha, tukaulizana habari za nyumbani mpaka magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

Mwalimu alikuwa na nyumba nyingine, karibu na mpaka. Kila mtu wa barabarani alijua, na wengi wetu hatukuwa tofauti naye. Tulisema dereva ni kama mtalii kwake mwenyewe, na tukacheka. Kicheko hicho nakisikia vibaya siku hizi.

Vifo vilianza mbali, kwa watu wa njia ya Uganda tuliowajua kwa sura. Kisha vikaja kwa watu tuliokula nao. Mtu mnene akawa mwembamba, akakohoa, akapewa likizo, akaisha. Kijijini wazee walisema ni chira, laana ya mtu aliyekiuka miiko. Mjini watu walisema "ule ugonjwa" na kugeuza mazungumzo. Wahudumu wa afya walikuja mahali malori yanapolala, wakabandika picha na kutuongelesha juu ya ukimwi. Tuliwasikiliza kwa adabu na kuwatania walipoondoka. Picha zenyewe zilichanwa na mtu kuwashia moto.

Na barabara nayo ikawa nyingine. Majambazi walijifunza kuweka matawi, na madereva waliosimama kumsaidia aliyekwama wakavuliwa nguo na kufungwa kamba vichakani. Basi watu wakaacha kusimama. Tukawa tunakula hotelini, na njiani tukaendesha madirisha yamefungwa. Bomba la mafuta lilipofika Kisumu, wenzetu wa matangi waliokuwa wakienda mpaka baharini wakawa wanapakia hapa hapa na kukimbilia mpakani. Malori yakahitaji watu wengi kwa haraka, na wakaja vijana waliopata leseni kabla hawajalala hata usiku mmoja juu ya mzigo. Sikuwachukia. Walikuwa wanachukua viti vya watu tuliowazika.

Tajiri wetu mzee alifariki, na malori yakanunuliwa na mtu tusiyemwona. Tulimwona meneja wake tu.

Mwalimu alianza kukohoa msimu wa mvua. Aliendesha akiwa mgonjwa mpaka siku moja akashindwa kupanda kabini, akabaki amesimama chini, mkono kwenye mlango, na sisi wote pale yadi tukajifanya tunaangalia kwingine. Lori lake likapewa kijana ambaye wazazi wake walikuja Kisumu kutoka upande wa Murang'a kuuza viazi sokoni. Kijana mpole, asiye na taniboi wala mwalimu, amejifunza kwa cheti.

Nilimtembelea Mwalimu Kombewa kila nilipopata nafasi. Mara ya mwisho alikuwa amelazwa kwenye kitanda walichokitoa nje apate hewa, blanketi mpaka kidevuni ingawa jua lilikuwa kali. Uso wake wa kitoto ulikuwa umekwisha. Sasa ni yeye aliyekuwa mzee.

"Lori langu linaendaje?" akaniuliza.

"Linaenda."

"Huyo kijana anabadilisha gia kama anapigana na mtu. Nilimsikia akitoka pale yadi." Akapumzika kidogo. "Mwonyeshe, Jaduong'. Polepole. Usimpigie kelele."

Nikasema nitamwonyesha. Kuku walikuwa wakichakura karibu nasi. Mkewe alikuwa jikoni, tuliuona moshi.

"Nimemwambia," akasema.

Nikasogeza kigoda changu karibu na kitanda.

"Nimemwambia ugonjwa wangu ni upi na nimeutoa wapi. Ndugu zangu wanataka iwe chira, wameleta dawa. Lakini yeye nimemwambia. Alikaa nje mpaka jua likazama. Kisha akaingia, akanipikia uji." Machozi yakamtoka kwenye pembe za macho na kuingia masikioni, na hakuwa na nguvu ya kuyafuta. Nikamfuta kwa mkono. "Sikufa mlimani, omera, ndugu yangu. Nimekuja kufa kitandani, na nimemwachia huyu mama mzigo ambao si wake."

Nilimshika mguu juu ya blanketi, nikaukuta mwembamba kama mpini wa jembe, na tukakaa hivyo mpaka mkewe akaja na chakula.

Alikufa akiwa amepelekwa hospitali mjini. Mimi na madereva watatu wa zamani tulikwenda kwa meneja kuomba lori lake limpeleke nyumbani. Meneja alikuwa kijana nadhifu, na hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza.

"Wazee, poleni sana," akasema. "Lakini mwezi huu peke yake mngeniomba malori mangapi? Mzigo utabebwa na nani?"

Mmoja wetu akasema hii ni desturi. Meneja akasema anaelewa. Lori lilikuwa limepangiwa mzigo wa Busia asubuhi ile ile ya mazishi, na atakayekosa kazi siku hiyo bila ruhusa asirudi. Tulipotoka nje hakuna aliyemtazama mwenzake. Wawili kati yetu walikuwa na safari siku hiyo, wakaenda safari, na siwalaumu. Walikuwa na watoto.

Tulimchukua kwa pikapu ya kukodi. Mimi nilipanda nyuma pamoja na jeneza, na mkewe akakaa mbele. Nilifunga matawi kwenye boneti kwa mikono yangu. Tulipoingia barabara ya Busia malori yakaanza kutupita, moja baada ya jingine, upepo wake ukipeperusha kitambaa juu ya jeneza, nami nikakilalia kisiende. Lori moja lilitupigia honi tujibanze pembeni. Nilimwona dereva wake: kijana, amevaa miwani ya jua, anatafuna kitu. Hakujua matawi yale yana maana gani. Angejulia wapi?

Tulikuwa tumepita uwanja wa ndege nilipousikia mngurumo nilioujua. Lori la Mwalimu lilikuwa nyuma yetu, limebeba sukari, na yule kijana wa viazi ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Nilingoja atupite. Hakupita. Alikuwa amewasha taa. Pikapu yetu ilikwenda polepole, na yeye akaenda polepole nyuma yetu, karibu, kwa gia ya chini, na safari hii gia haikusaga. Magari yalijipanga nyuma yake yakipiga honi na watu kutoa vichwa madirishani kumtukana. Alitazama mbele tu. Mkewe Mwalimu aligeuka kwenye kioo cha nyuma, akaliona lori, akalitambua. Akaweka kiganja kwenye kioo.

Kisian ndipo njia zinapoachana. Sisi tulipinda kushoto kuelekea Kombewa. Yeye mzigo wake ulikuwa wa Busia. Alisimamisha lori kwenye kona, akazima injini, akashuka. Hakuwa na kofia ya kuvua, akabaki ameshika kichwa chake kwa mikono miwili, na nyuma yake honi zikilia kama za harusi. Nilimtazama mpaka vumbi likamficha. Sijui nani alimwambia. Si mimi; sikuwa nimepata nafasi ya kumwonyesha kitu chochote. Baadaye meneja alimkatia mshahara kwa kuchelewa, na yeye hakulizungumzia, wala mimi sikujua nimshukuruje.

Baada ya matanga, ndugu za Mwalimu walikaa kuamua nani atamrithi mkewe, kama ilivyo kwetu. Aliwaambia mbele ya watu wote kwamba anajua kilichomuua mumewe na hatakipeleka kwenye nyumba ya mtu mwingine. Walikasirika. Wengine waliacha kumsalimia. Aliendelea kulima na kuuza karanga sokoni Kombewa, na mke wangu alimtembelea mara kwa mara, na mimi nilipoweza.

Nilimkuta siku moja, karibu na mwisho wa miaka ile ya vifo, ameketi mlangoni na ungo wa karanga. Alikuwa ameanza kupungua, tuliona sote. Mimi nilikuwa nimeacha lori. Macho yangu hayakupenda tena taa za magari. Tulizungumza habari za watoto. Kisha akasema:

"Shemeji, nataka kukuuliza. Huko barabarani alikuwa mtu wa namna gani?"

Sikumwelewa mara moja.

"Mimi sikupanda lile lori hata siku moja. Alikuwa anakuja hapa amechoka, analala, anaenda. Wewe umekaa na yeye kuliko mimi."

Nilimwambia kwamba mumewe aliimba nyimbo za kanisa akiendesha, kwa sauti mbaya, na maneno akiyakosea, na akifika mahali pa wimbo asipopakumbuka alitia majina ya miji: Nakuru, Molo, Londiani. Kwamba aliogopa nyoka kiasi cha kunituma kwanza kila tulipokwenda kujisaidia kichakani. Kwamba alipiga magoti kunywa maji ya chemchemi pale Mau, akasema hata akiwa tajiri hatakunywa maji mengine.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani anacheka, na kweli alikuwa anacheka, kisha sikujua tena ni kipi.

"Londiani," akasema. "Ndani ya wimbo wa Mungu."

"Ndani kabisa."

Alijifuta uso kwa leso, akavuta ungo, akaendelea kubangua. Baada ya kitambo akauliza, "Na mengine?"

"Mengine unayajua, shemeji."

"Ndiyo," akasema. "Mengine ninayajua."

Tulimzika mwaka uliofuata, kando ya mumewe.